Zamu ya Mzamiaji

Jumatatu, saa moja kasorobo asubuhi, karani wa mahudhurio alifungua dirisha la kibanda chake, akalaza kitabu kwenye kizingiti, akaweka kando yake kalamu iliyofungwa uzi ili isitembee, akakaa kungoja watu. Wa kwanza kutia sahihi alikuwa mlinzi aliyekuwa akitoka zamu. Wa pili alikuwa Kipara, mzibuaji wa mitaro, mtu wa miaka hamsini na kitu ambaye kichwa chake kiling'aa kama kitako cha sufuria mpya. Wa tatu alikuwa mwenzake Kipara, Mzamiaji, aliyekuwa amezikwa siku kumi na tisa kabla.

Alikuwa amelowa kuanzia kifuani kwenda chini. Buti la kushoto alikuwa nalo, la kulia hakuwa nalo. Karani alimwambia asogee nyuma kidogo, maana maji yake yanachuruzikia majina ya wenzake. Mzamiaji akaomba radhi, akainama kwa mbali, akaandika jina lake kwa ule mwandiko wake wa kulalia kushoto. Karani alitazama orodha. Jina lilikuwemo. Ofisi ya utumishi ilikuwa bado haijaleta barua ya kulifuta, na bila barua karani hana mamlaka ya kumzuia mtu aliyeandikwa. Kesho yake karani alikuja na karatasi ya nailoni, akaufunika ukurasa, akaacha wazi mistari mitatu tu ya juu.

Kituo kile ndicho kilichopokea majitaka ya mji mzima. Kilikuwa na mabwawa manne yaliyoshukana kama ngazi: la kwanza jeusi, la pili kijani kizito, la tatu kijani cha majani machanga, na la nne lenye maji ambayo hata ndege walikubali kutua juu yake. Watu wa mjini walipita nje ya ukuta wakiwa wameziba pua. Waliokuwa ndani hawakuona haya. Kipara alipenda kusema kwamba wao ndio peke yao wanaojua mji ulikula nini jana, na kwamba matajiri na maskini wote hukutana kwenye chemba ya saba, tena bila kupeana mikono.

Nyuma ya bwawa la pili palikuwa na chumba kirefu chenye mizani, majiko ya umeme, rafu za chupa na mashine ya kukandamizia matofali mpaka yapasuke. Humo ndimo alimofanya kazi mtafiti wa kituo, ambaye alikuwa dada yake Mzamiaji, amempita miaka sita. Kwa miaka mitano alikuwa akitafuta namna ya kulifanya tope linalobaki chini ya majitaka liwe kitu cha maana, badala ya kumwagwa bondeni ambako mvua hulisomba mpaka kwenye visima vya watu. Alilikausha, akalichoma, akachanganya majivu yake na udongo: sehemu moja kwa kumi, kisha mbili, kisha tatu. Akafyatua matofali, akayaoka, akayaweka kwenye mashine na kuandika uzito yaliovunjikia. Aliamini kwamba siku moja watoto watasoma shuleni ndani ya kuta zilizojengwa kwa uchafu wa wazazi wao, na hakuona kichekesho chochote katika jambo hilo.

Mdogo wake ndiye aliyemletea tope. Wenzake walimwita Mzamiaji kwa sababu hakuna aliyeshuka chini kama yeye.

Siku aliyokufa ilikuwa Jumanne, saa tano asubuhi, jua likiwaka. Mtafiti alikuwa amebakiza sampuli moja, namba saba, ya tope zito la chini kabisa kwenye chemba ya saba, shimo ambamo mitaro mitatu ya mji hukutana. Alimwomba mdogo wake amchotee. Hakumwamuru, alimwomba, kama mtu anavyomwomba nduguye ampitishie chumvi. Mzamiaji alifungwa kamba kiunoni, Kipara akaishika, ndoo ikateremshwa kwa kamba ya pili. Mtafiti alikaa juu ya debe lililopinduliwa, chupa zake zikiwa miguuni.

Gesi ya mle ndani hunuka kama mayai viza ikiwa kidogo. Ikizidi hainuki tena, kwa kuwa kitu cha kwanza inachokiua kwa mtu ni pua. Mtafiti alikuwa ameyaandika hayo mwenyewe katika tasnifu yake, ukurasa wa kumi na mbili, na mwalimu wake alimwekea alama ya kumsifu pembeni.

Kutoka chini, mdogo wake alisema kwa sauti ya mtu aliyepata nafuu:

"Dada, leo hata hainuki."

Mtafiti alikuwa akiandika lebo ya chupa. Aliandika tarehe. Aliandika namba saba. Aliandika kina. Ndipo maneno yalipomfika, na alipoinua kichwa kamba ilikuwa imelegea mikononi mwa Kipara. Kipara na mlinzi walivuta kwa muda mrefu kwa sababu buti moja lilikuwa limenasa kwenye vyuma. Walimtoa bila lile buti, macho yakiwa wazi. Baadaye mtu mmoja, haikujulikana nani, aliivuta ile ndoo na kuiweka karibu na chupa. Ilikuwa na tope safi la kazi, zito, ambalo mtafiti hakuwahi kulipata mfano wake.

Taarifa ya ajali iliandikwa kwa siku moja. Ilisema marehemu alishuka bila kuvaa kinyago cha hewa, kinyume na kanuni, na kwamba chanzo cha kifo ni uzembe wa mhusika. Ilikuwa kweli kwamba hakuvaa. Taarifa haikusema kwamba kituo hakikuwa na kinyago, wala kwamba kipima gesi kilikuwa kimekufa betri tangu mwaka juzi na kilitumiwa kuzuia mlango wa stoo usijifunge.

Mkuu wa kituo hakuwa mtu mbaya. Kwenye msiba alilia mbele ya watu, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Siku iliyofuata, viti vya kukodi vikiwa bado vinakusanywa uani, alirudi na karatasi ya ile taarifa, akaitandaza juu ya boneti ya gari, akamweleza mtafiti taratibu kwamba kituo kikionekana kina kosa, kitu cha kwanza kufungwa kitakuwa chumba chake cha utafiti, na miaka mitano itakwenda na maji. Palihitajika sahihi ya shahidi. Boneti ilikuwa ya moto. Mtafiti alitia sahihi.

Kwa hiyo Jumatatu ile alipomwona mdogo wake akitoka chemba ya tatu na ndoo begani, hakujua aanze na lipi. Walikaa kwenye ukingo wa kitanda cha kukaushia tope wakati wa mapumziko. Mzamiaji aliuliza kama Mama anakula. Aliuliza kama paa la jikoni limezibwa. Alipoulizwa kama anaumwa popote, alisema hapana, ila maji hayaishi. Akikamua suruali mara mia, mara ya mia na moja yanatoka vilevile. Nzi walikuwa wengi mahali pale, lakini hawakutua juu yake.

Nyumbani mtafiti alimwambia mama yao. Mama alikuwa fundi cherehani, na wakati huo alikuwa akipiga upindo wa gauni la mteja. Aliendelea mpaka mwisho wa upindo, akakata uzi kwa meno, kisha akauliza yuko kazini siku gani.

"Siku zote isipokuwa Jumapili."

"Basi Alhamisi sina kazi nyingi," Mama akasema.

Kwa siku mbili alishona ovaroli tatu za kitambaa kigumu, kwa vipimo alivyokuwa navyo kichwani. Alhamisi saa nne alifika langoni nazo zimekunjwa, pamoja na chupa ya chai na taulo. Mlinzi alimwambia wageni huandikishwa, akamwandikisha, na pale palipoandikwa sababu ya kuja akaandika: kumwona mtoto.

Mama alimtazama mwanawe tangu kichwani mpaka kwenye mguu usio na buti.

"Kumbe njia ya kazini unaikumbuka," akasema. "Ya nyumbani ndiyo iliyokupotea."

"Nyumbani mliniaga vizuri, Mama. Nikifika pale kona miguu inageuka yenyewe. Huku hakuna aliyeniaga."

Mama akakunjua taulo. Alimkausha kichwa, shingo, kifua, kama alivyokuwa akimkausha zamani. Akampa ovaroli ya kwanza. Ilimkaa sawasawa mabegani, lakini kabla hajamaliza vifungo ilikuwa imelowa chapachapa. Mama aliivua, akaikamua, akaitundika kwenye waya, akampa ya pili. Ya pili ikalowa. Ya tatu aliishika mkononi muda mrefu. Kisha aliikunja tena, akaiweka mapajani, akamimina chai ambayo mmoja wao tu angeweza kuinywa.

Alimuuliza kwa nini hapumziki, kama kazi ilikuwa bado haijamtosha. Mzamiaji alimwambia kwamba Kipara ana watoto watatu, na mke wake mgonjwa. Nisiposhuka mimi, alisema, atashuka yeye. Vinyago vikija atapumzika siku hiyohiyo, wala hatangoja kuambiwa. Kipara, aliyekuwa amesimama hatua chache akizungusha kamba mkononi, aligeuka akatazama bwawa.

Mama akawa anakuja kila Alhamisi. Vinyago havikuja. Mkuu wa kituo alikuwa ameviweka kwenye maombi ya mwaka ule, na watu waliiona ile karatasi. Lakini alipoona kwamba anayeshuka hapumui, alivitoa, akaweka viti vya ukumbini. Katika kikao cha wafanyakazi alieleza kwamba dawa ya moto ni moto, na kwamba haifai kununua kinga ya hatari ambayo haipo tena. Alimshukuru Mzamiaji kwa moyo wake. Watu walipiga makofi. Mzamiaji alisimama mlangoni ili asilowanishe sakafu.

Mtafiti alimfuata baada ya kikao. Alimweleza kwamba amefungwa na kamba aliyoisokota mwenyewe: anangoja vinyago, na vinyago haviji kwa sababu yupo. Asishuke wiki moja tu, waone.

Mzamiaji aliinama akakamua suruali.

"Wiki hiyo moja, Dada," akauliza, "nani atashuka?"

Ndipo mtafiti alipoamua kuomba taarifa ifunguliwe upya. Kabla ya kupeleka barua alimwambia Mama kwamba sahihi ya shahidi kwenye ile karatasi ni yake. Alikuwa amejiandaa kwa machozi au kwa kofi. Mama alikuwa akitunga uzi kwenye sindano, na sindano ilimsumbua, akaulamba uzi, akajaribu tena.

"Nilikuona pale kwenye gari," akasema. "Nilikuwa nakusanya vikombe. Nikasema, ataniambia akipata nafasi."

Ilikuwa imepita miezi minne.

Kamati ilikaa katika ukumbi wa kituo, watu watatu, na mwenyekiti wao alikuwa mhandisi kutoka makao makuu, mtu mpole mwenye kikohozi. Kiti cha Mzamiaji kilifunikwa nailoni na chini yake paliwekwa beseni. Mwenyekiti alimpa pole kwa yaliyomkuta, kisha akafungua faili.

"Siku ya ajali ulivaa kinyago?"

"Sikuvaa. Hakikuwepo."

Katibu aliandika: hakuvaa.

"Na leo umeshuka?"

"Asubuhi, chemba ya tatu."

"Kwa kinyago?"

"Bila. Hakipo hata leo."

Katibu aliandika: hata leo. Mwenyekiti akauliza ni nani aliyemtuma siku ile. Mzamiaji alitazama beseni, ambalo lilikuwa limefika nusu, akasema hakutumwa na mtu, kazi ndiyo iliyomtuma. Hapo mtafiti alisimama bila kuitwa. Alisema kwamba ni yeye aliyeomba sampuli. Kwamba alijua gesi ile inavyofanya, kwa kuwa alisoma habari zake na kuziandika. Kwamba kituo hakikuwa na kinyago wala kipimo, na yeye alilijua hilo pia. Kwamba aliisikia sauti ya mdogo wake ikisema haisikii harufu, na kwamba wakati huo alikuwa akiandika lebo, akamaliza kuiandika. Kwamba alitia sahihi kwenye uongo akiwa na akili zake timamu. Yote aliyasema taratibu, kwa mpangilio, kama anayesoma matokeo ya maabara, na alipomaliza alibaki amesimama kwa sababu alisahau kukaa.

Mwenyekiti alikohoa, akamshukuru kwa uwazi wake.

Nje, karibu na mabomba, mdogo wake alikuwa akimwaga beseni.

"Ulinisikia?" akauliza.

"Nilikusikia."

"Mimi nilidhani hukusikia." Akalitikisa beseni mpaka tone la mwisho. "Siku zote nilikuwa najiambia, Dada hakusikia, pampu ilikuwa inalia."

"Pampu ilikuwa imezimwa."

"Ndiyo," akasema. "Sasa nakumbuka. Ilikuwa imezimwa."

Alililaza beseni kifudifudi juani, akarudi kazini. Mtafiti alimtazama akienda, mguu mmoja ukiacha alama ya buti na mwingine alama ya vidole. Hakuomba msamaha. Alihisi kwamba kuomba kungekuwa kumwongezea mdogo wake kazi nyingine.

Majibu ya kamati yalifika baada ya majuma matatu. Yalisema ushahidi wa marehemu umepokelewa kwa heshima, ila mtu hawezi kuwa shahidi huru wa kifo chake mwenyewe. Yalisema imethibitika kwamba marehemu ana mazoea ya kushuka bila kinyago, mazoea ambayo hata kifo hakikuyarekebisha. Na yalisema kuwa, kwa maelezo ya dada yake, alishuka siku ile kwa ombi la ndugu, kwa hiyo upande huo wa suala ni wa kifamilia na kamati inaiachia familia. Taarifa ya kwanza ilibaki kama ilivyo. Kipara, aliyesomewa barua ile kwa kuwa miwani yake ilikuwa imevunjika, alisema la kuvunda halina ubani, akaenda kutafuta kamba yake.

Chumba cha utafiti hakikufungwa. Kinyume chake, matofali ya sampuli namba saba yalikuwa yameshinda yote. Mashine iliyakandamiza mpaka sindano ikafika mwisho, na hayakupasuka. Wageni walikuja kuyaona, wakayapigapiga kwa vidole, wakapiga nayo picha. Mmoja aliuliza tope linachotwa wapi, na wakati huohuo Mzamiaji alikuwa anapita na ndoo, akaonyeshwa. Mgeni alimsalimia, akamuuliza kama maji hayamwambui ngozi. Mzamiaji akasema ameshazoea.

Mtafiti aliandika makala ya kisayansi kuhusu matofali yale. Katika sehemu inayoeleza namna sampuli zilivyopatikana aliandika sentensi moja, kwamba namba saba ilichukuliwa na mfanyakazi ambaye hakupewa kinyago, naye akafa akiichukua. Jarida lilimwandikia kwa adabu kwamba sentensi hiyo haihusiani na uimara wa tofali. Aliirudisha makala ikiwa na sentensi yake. Nao wakairudisha tena. Ilikwenda na kurudi mara tatu, mpaka Mkuu wa kituo akaituma kwa jina lake, bila sentensi, na ikatoka. Katika ukurasa wa shukrani aliwataja wafanyakazi wote wa kituo kwa ujumla. Mtafiti alibaki na kazi ya kupima maji ya bwawa la nne, ambayo haikuhitaji mtu aliyesoma sana.

Mwaka ukapita, na wa pili ukafuata. Mama alianza kuja na mkongojo, kisha akawa analetwa na mtafiti, akishikwa mkono. Cherehani alikuwa ameacha, macho hayakumtosha. Alikaa na mwanawe kwenye ukingo uleule, akimweleza nani kaoa, nani kahama, bei ya nyuzi. Wakati mwingine alisinzia katikati ya maneno, na Mzamiaji alibaki ameketi wima kwa upande wake, akiwa amejisogeza kadiri alivyoweza ili asimlowanishe. Siku moja Mama, akiwa amefumba macho, alimuuliza mtafiti kwa sauti ndogo kama si wao wenyewe wanaoweza kumuaga hapa, wakamaliza, wakamwacha aende. Mtafiti alisema wanaweza. Kipara alikuwa karibu, akifunga fundo. Wote wawili walitazama mikono yake. Hawakulizungumza tena jambo hilo.

Kipara alistaafu akiwa mzima. Walimfanyia hafla ukumbini, kwenye vile viti, na Mkuu wa kituo akampa saa ya ukutani na kusoma hotuba. Alisema mzee huyu ameshika kamba miaka thelathini na moja bila ajali hata moja. Makofi yalikuwa marefu. Mzamiaji naye alipiga, akiwa mlangoni, na ya kwake yalisikika tofauti, ya maji. Kipara alitakiwa aseme neno. Alisimama, akafungua mdomo, akasema anashukuru, akakaa. Alipotoka nje alimshika Mzamiaji mkono, si kwa kiganja tu, alimshika mpaka kwenye kiwiko, na akabaki hivyo mpaka mkono wa shati lake la hafla ukalowa wote. Hakuufuta. Alikwenda na saa yake kwapani, na hakurudi hata kusalimia.

Jumatatu iliyofuata mtafiti alikuwa akipita na chupa zake kuelekea bwawa la nne alipomkuta mtu mgeni kwenye mdomo wa chemba ya saba. Alikuwa na buti mpya mbili na kofia iliyokuwa bado na karatasi ya dukani. Alisema ameajiriwa badala ya mzee aliyestaafu. Mke wake amejifungua mapacha mwezi uliopita, na kazi hii imekuja kama mvua ya kiangazi, maana alikuwa amekaa sana bila kazi. Mkuu amemwambia yeye atashika kamba tu, kushuka kuna mtu wake.

Kutoka chini ilisikika ndoo ikikwaruza sakafu.

Mgeni alichungulia, akanusa, akasogea nyuma kwa adabu. Alikuwa ameshaelezwa habari za mwenzake, na zilikuwa hazimsumbui. Kila kazi ina mambo yake. Alitaka kujua kitu kimoja tu.

"Na huyu likizo anapata lini?"

"Hajawahi kuomba," mtafiti akasema.

Kamba ikatikiswa mara mbili. Mgeni hakujua maana yake, kwa hiyo mtafiti aliweka chupa zake chini, akaishika kamba mbele ya mikono yake, wakavuta pamoja. Ndoo ilikuja juu imejaa. Waliimwaga kwenye toroli, wakaiteremsha tena.